Safu ya Karibu na Mlango

Fundi Hamid hakuwa na gari, hakuwa na shamba, wala hakuwa na mtoto Ulaya wa kumletea simu mpya kila mwaka. Hakuwa na mke wa pili, na hilo hakulilalamikia mbele ya wa kwanza. Hakuwa na sauti ya kuadhini, hakuwa na meno mawili ya chini, na hakuwa na subira na watu wanaoleta feni kwa fundi baada ya kuifungua wenyewe. Juu ya yote hayo, hakuwa na ugonjwa. Daktari wa moyo alimwambia hana. Mashine ya presha ilisema hana. Aliyempiga hijama aliitazama damu yake kwenye kikombe, akasema hajapata kuona damu safi namna ile, kisha akapokea ada yake.

Na bado, kila Ijumaa, imamu akianza kusoma kwa sauti, Fundi Hamid alikuwa anakufa.

Moyo ulimwenda mbio kama wa mtu anayefukuzwa na mbwa. Vidole vilikufa ganzi. Koo lilikauka. Feni za msikiti, ambazo alizifunga kwa mkono wake mwenyewe, zilionekana kushuka kutoka darini kumfuata yeye na si mwengine. Mbele yake migongo, nyuma yake watu, kulia na kushoto mabega yamegandana kama inavyotakiwa, na mlango uko mbali kama Pemba. Hapo ndipo Fundi Hamid alipokuwa akishika pua yake na kutoka.

Kushika pua ni adabu ya zamani, tena nzuri. Mtu aliyetengukwa na udhu katikati ya sala hushika pua akatoka, ili wenziwe wadhani ametokwa na damu ya pua, asifedheheke. Lakini kwa kuwa waumini wote wanaijua adabu hiyo, haimsitiri mtu yeyote.

Basi kwenye barza ya Mzee Ubwa, pale Kiponda, mjadala ulikuwa mmoja tu baada ya kila sala ya Ijumaa.

"Fundi kala nini tena leo?"

"Maharage, yakhe. Mtu wa umri ule, maharage ya nini siku ya Ijumaa?"

"Mimi nshamwambia mkewe ampikie mchuzi mwepesi," alisema Mzee Ubwa.

"Umekwenda kumwambia mwanamke wa watu habari za tumbo la mumewe? Huna haya?"

"Haya ninayo. Lakini anayesali nyuma yake ni mimi, si wewe."

Fundi Hamid aliyasikia yote hayo, kwa sababu chumba chake cha kazi kilikuwa hatua chache kutoka barzani, na watu wa barza hawajui kunong'ona. Akayaacha. Aliona ni bora mtaa umjue kwa tumbo bovu kuliko umjue kwa woga. Tumbo kila mtu analo. Woga, kwa mwanamme wa Kiponda mwenye ndevu nyeupe, haukuwa na jina la heshima.

Pengine angeendelea hivyo mpaka akafa kweli, lau posa haikuja.

*

Posa ilikuwa ya bintiye, Khairat, ambaye alifanya kazi katika duka la dawa Mwanakwerekwe. Aliyeposa ni kijana aitwaye Msabah, wa Kiembe Samaki, mtunza hesabu katika hoteli moja ya Paje, mpole, mwenye miwani. Barua ililetwa na wazee wawili kama ada inavyotaka, ndani ya bahasha nene yenye harufu ya udi, na ikapokelewa kwa halua na kahawa. Jawabu halitolewi siku hiyohiyo. Familia hupeana muda, na muda huo kazi yake ni kuulizia.

Watu wa mume huuliza mtaa wa mke, watu wa mke huuliza mtaa wa mume, na mtaa, ambao haulipwi kitu kwa kazi hiyo, huifanya kwa moyo wote. Wana maradhi ya ukoo hawa? Wana ugomvi wa mirathi? Wana mashetani? Na baba wa binti, ndio yule anayetoka msikitini kabla ya salamu?

Bi Rukaiya, mke wa Fundi Hamid, aliliona hilo likija. Akaamua kumlinda mumewe kwa silaha aliyokuwa nayo karibu, yaani ulimi. Jirani wa kulia alimwambia mumewe ana presha. Jirani wa kushoto alimwambia ana damu ya pua tangu utotoni. Jirani wa ghorofani, ambaye alimkuta ngazini bila ya kujitayarisha, alimwambia mumewe hutoka kwenda kufunga bomba la udhu linalovuja. Uongo mmoja ungetosha, lakini Bi Rukaiya alikuwa mwanamke mkarimu.

Mama yake Msabah, Bi Salhiya, alikuja mwenyewe siku ya Jumatatu alasiri, amevaa baibui la kitambaa kizito na mkufu ulioonekana kidogo kwa bahati mbaya iliyopangwa vizuri. Alikaribishwa ukumbini. Aliletewa chai ya maziwa na kaimati za moto, zilizopikwa kwa ajili yake.

"Bi Rukaiya," alisema baada ya kuulizana hali mpaka hali zikaisha, "mimi mtu wa kusema usoni."

"Sema, mwenzangu. Usoni ndiko kuzuri."

"Nimeuliza. Jirani wako wa kulia kanambia presha. Wa kushoto kanambia damu ya pua. Yule wa juu, mwenye mtoto anayelia, kanambia bomba. Bomba gani hilo, bibi, linalofunguka Ijumaa tu?"

Bi Rukaiya alisogeza sahani ya kaimati. "Kula, mwenzangu, zitapoa."

"Wanaume nao wamemwambia baba Msabah habari za tumbo. Tumbo si kitu, binaadamu sote tuna matumbo. Lakini nikajiuliza, tumbo gani hili linalojua siku? Jumamosi halimwumi. Jumapili halimwumi. Linangoja mpaka Qurani isomwe kwa sauti, ndio litoke mbio." Alishusha sauti, ingawa ukumbini hakukuwa na mtu mwengine isipokuwa Khairat nyuma ya pazia, na wote wawili walijua yupo. "Hilo si tumbo. Hilo lina jina na kabila."

"Lahaula!"

"Jini, mwenzangu. Na jini harithiwi kama nyumba. Huhama kama mpangaji. Nyumba moja ikimshinda, hutafuta nyingine, tena hupenda zenye wasichana."

Bi Rukaiya aliishika tena sahani ya kaimati, lakini safari hii hakuisogeza.

Bi Salhiya alifungua mkoba, akatoa chupa ndogo yenye maji ya rangi ya kutu. "Hii nimeichukua kwa tabibu wetu. Mumeo anywe mara tatu. Mimi simwambii mtu. Na Ijumaa hii baba Msabah na kijana watakuja kusali hapahapa Kiponda. Si kwa kumtazama mtu, a-a, msikiti ni wa Mungu. Lakini macho nayo Mungu kayapa kazi yake."

Akaondoka. Hakugusa kaimati hata moja, na chai aliiacha na utando juu. Mtu hali wala hanywi katika nyumba yenye mpangaji wa namna hiyo.

Bi Rukaiya aliifungua chupa, akainusa, akaimwaga yote katika mtaro wa jikoni. Kisha akamwita mumewe.

"Kasema una jini."

Fundi Hamid alikaa kwenye kiti, bisibisi bado iko mkononi. Alilifikiri jambo hilo, na jinsi alivyolifikiri ndivyo lilivyozidi kumpendeza. Mwenye jini haambiwi mwoga. Jini ndilo linalokimbia. Yeye analisindikiza tu.

"Kwani ni vibaya sana?" aliuliza.

"Hee! Mwanamme huyu!"

Khairat alitoka nyuma ya pazia. "Baba, wewe huna jini. Wala huna tumbo."

"Kila mtu ana tumbo, mwanangu."

"Nnakusikia unavyohema chumbani Ijumaa asubuhi, kabla hujavaa kanzu. Dukani kwetu wanakuja watu kama wewe kila siku. Huyu anataka dawa ya moyo, yule anataka dawa ya gesi, na wote wameshapimwa, wazima. Ni wasiwasi, baba. Umezidi mpaka ukawa ugonjwa, na una matibabu. Yuko daktari anaitwa Faiza, mpole sana." Akaitaja hospitali.

Jina la hospitali ile ya maradhi ya akili, hapa Unguja, hutumika kama tusi zaidi kuliko kama anwani.

"Bora jini!" alisema Bi Rukaiya, mkono kifuani. "Wallahi bora jini! Wenye majini wanaoa na wanaolewa, wengine wana maduka. Lakini baba yako akionekana kule, nani atamchukua mtoto wake amtie katika nyumba hii?"

"Na Ijumaa je, mama? Wakimwona anatoka?"

Fundi Hamid alikuwa ameanza kuhema palepale, na siku yenyewe ilikuwa Jumatatu.

*

Fundi Hamid alikwenda hospitalini siku ya pili, lakini hakwenda kama mgonjwa. Alichukua mkoba wake wa kazi, akatia koleo, bisibisi, waya, kapasita na kipimo cha umeme, akauning'iniza begani ili kila mwenye macho auone. Na ilikuwa vizuri, kwa sababu karibu na lango alikutana uso kwa uso na Mzee Ubwa, aliyekuwa akipita na kikapu cha muhogo.

"Fundi! Huku kuna nini?"

"Feni," alisema Fundi Hamid.

"Ah. Hawa nao wanahitaji upepo, masikini."

Mpokeaji wagonjwa, kijana mwenye kalamu sikioni, alilisikia neno hilo akainuka kwa furaha. "Alhamdulillahi! Tumeomba fundi tangu Ramadhani!" Kabla Fundi Hamid hajapata la kusema, alikuwa ameshashikwa mkono, amepitishwa mbele ya benchi la wagonjwa waliokuja kweli, na kuingizwa katika chumba cha daktari, ambako feni ilikuwa imening'inia kimya na ngazi imeegemezwa ukutani.

"Shikamoo, mzee," alisema mwanamke kijana aliyekuwa mezani. Kwenye mlango palikuwa na jina lake, Dokta Faiza.

"Marahaba, mwanangu."

Alipanda ngazi. Dokta Faiza aliishika kwa chini. Fundi Hamid alifungua kifuniko cha feni, akaona kapasita imeungua, akatoa nyingine mkobani, akaanza kazi. Kule juu, akiwa amempa daktari mgongo na uso ameuelekeza darini, ulimi wake ulilegea.

"Daktari, nina jamaa yangu mmoja."

"Naam."

"Mtu mzima. Mwenye heshima zake. Huyo akisimama penye watu wengi, moyo unataka kumtoka. Anaona anakufa. Kapimwa kote, hana kitu. Sasa watu wanasema ana jini."

"Na yeye anasemaje?"

"Yeye hasemi. Yeye anashika pua, anatoka."

Dokta Faiza hakucheka. "Moyo wa jamaa yako hauna kosa, mzee. Mwili wa mtu una mlinzi, kama duka. Mlinzi huyu kasikia paka juu ya bati, kapiga ukelele wa mwizi, na mtaa mzima umetoka na magongo. Mwizi hayupo. Lakini magongo ni ya kweli, na ndiyo maana jamaa yako hadanganyi akisema anaumia."

Fundi Hamid aliacha kukaza skrubu. "Na anapotoka mbio?"

"Akitoka, mlinzi anapata sifa. Anasema: mmeona? Nimewaokoa. Ijumaa ya pili atapiga ukelele mapema zaidi."

"Mimi sikusema Ijumaa."

"Hukusema," alikubali daktari.

Fundi Hamid aliunganisha waya mmoja ambao tayari ulikuwa umeungana.

"Basi afanyeje huyo jamaa?"

"Anakunywa chai kwa kisahani?"

"Mpaka leo. Mkewe anamcheka."

"Basi avute pumzi kidogo kwa pua, halafu aitoe polepole kwa mdomo, kama anapoza chai ya kisahani na hataki imwagike. Na asingoje balaa ifike; ajizoeze akiwa mzima, kwake, mara kwa mara. Kisha asimame karibu na mlango. Mlango uwe wazi, na yeye asitoke. Hofu itapanda, itafika juu, itakaa, halafu itakupwa kama maji. Lakini haitakupwa kama hakuisubiri. Siku ikizoeleka safu hiyo, asogee mbele kidogo. Na aje hapa tuzungumze, kila wiki. Ikihitajika dawa, ipo, si aibu."

"Hayo tu?"

"Na aache kujificha. Jamaa yako anabeba mizigo miwili, hofu yenyewe na kuificha. Huo wa pili nadhani ndio mzito."

Fundi Hamid alifunga kifuniko, akashuka, akabonyeza swichi. Feni ilizunguka. Karatasi za mezani ziliruka, na wote wawili waliinama kuziokota, na ilikuwa rahisi kusema mtu akiwa ameinama.

"Daktari. Yule jamaa ndiye aliyeitengeneza feni hii."

"Nimejua tangu ulipoanza kutetemeka ngazini, mzee. Fundi hatetemeki kwa ngazi fupi namna ile."

"Na umeniacha juu muda wote huo?"

"Ulikuwa unasema vizuri kule juu."

Aliandikishwa jina lake kamili. Mpokeaji alitaka kumlipa ufundi, Fundi Hamid akakataa, akasema kwa sauti, ili benchi zima lisikie, "Mimi mgonjwa hapa." Sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilitoka. Mzee mmoja kwenye benchi alijisogeza akampa nafasi ya kukaa, kama watu wanavyofanya popote.

*

Ijumaa alifika msikitini mapema akakaa safu ya mwisho, ubavuni mwa mlango. Hilo peke yake lilikuwa kashfa. Mtu mwenye umri wake mahali pake ni mbele, na waumini, ambao wiki nzima hawakumpa salamu ila za kumchungulia, sasa walimwonea huruma kwa pamoja.

"Mzee Hamid, pita mbele!"

"Nipo hapa, ahsante."

"Kuna nafasi mbele, fundi! Mpisheni fundi!"

Kule mbele, Bwana Abdulwahid, baba yake Msabah, mtu mkubwa mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, aligeuka na kujisogeza ili aache pengo ubavuni mwake. Akaupiga mkeka kwa kiganja, kumwita. Kijana Msabah alitazama chini. Msikiti mzima ulilitazama pengo lile, kisha ukamtazama Fundi Hamid.

"Mimi nitasali hapa," alisema Fundi Hamid.

Bwana Abdulwahid aligeuka mbele. Pengo lilijazwa na mtu mwengine.

Hotuba ilipita, sala ikakimiwa, watu wakasimama. Mzee Ubwa, aliyechelewa kama kawaida, alijikuta bega kwa bega na Fundi Hamid, akasogea kidogo kwa tahadhari.

Imamu alianza kusoma, na mlinzi naye akapiga ukelele wake. Moyo ukakimbia, vidole vikafa, feni zikaanza kushuka. Mlango ulikuwa hapo, wazi, na nje alisikia mtu akiendesha baiskeli na kupiga kengele, mtu huru kabisa. Mkono wa Fundi Hamid uliinuka kuelekea puani. Ulifika kifuani. Ukarudi ukaufunika mwenzake.

Alivuta kidogo kwa pua. Alipoza kisahani. Hofu ilipanda, na alipodhani imefika juu ikapanda tena, kwa ukaidi. Jasho lilimshuka mgongoni mpaka kiunoni. Alirukuu, akasujudu, na kwenye sijda alisikia mapigo yake ndani ya mkeka. Alipoza kisahani cha pili, na cha tatu, na baada ya hapo hakuhesabu. Mahali fulani katika rakaa ya pili, bila ya kutangaza, maji yalianza kupwa.

Alitoa salamu kulia, akamwona Mzee Ubwa. Alitoa salamu kushoto, akauona mlango. Ulikuwa bado uko wazi, na yeye yuko ndani.

"Ulikuwa unapuliza nini, yakhe?" alinong'ona Mzee Ubwa.

"Chai," alisema Fundi Hamid, na kanzu yake ilikuwa imeroa kama ya mtu aliyetoka baharini.

*

Kabla ya alasiri habari ilikuwa imeshafika Kiembe Samaki, na Bi Salhiya alikuwa amepiga simu.

"Si nilikwambia! Mara tatu tu! Baba Msabah anasema jasho lilimtoka mpaka mkeka ukaroa. Ndiye yule jini, anatoka! Tabibu wetu hana mfanowe."

"Hana," alijibu Bi Rukaiya, akiutazama mtaro wa jikoni.

"Nimeshawapa namba yake watu wengi. Sasa leteni jawabu, mwenzangu, wazee wanangoja."

Bi Rukaiya aliifunga simu akiwa mwanamke mwenye furaha. Akamwita kaka yake, Mjaka, aje amevaa kanzu na koti, kwa kuwa jawabu la posa hupelekwa na mtu wa heshima. Akamwekea mumewe karatasi, kalamu na bahasha juu ya meza.

"Andika: tumekubali. Basi. Jini limetoka, sifa zimeingia, Mungu katusitiri."

"Jini gani, mke wangu?"

"Lile wanalolijua wao."

Khairat alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, leo wanasema limemtoka baba. Kesho nikiumwa kichwa kwao, watasema limehamia kwangu. Nikichelewa kupata mtoto, ni jini. Nikinyamaza, jini. Nikisema, jini zaidi. Bi Salhiya si keshasema, huhama kama mpangaji?"

"Wewe ulisikia?"

"Mama, pazia ni kitambaa."

Mjaka, ambaye alikuwa amekula kaimati nyingi kwa niaba ya wageni wasiokula, alifuta mdomo. "Mimi naona dada kasema sawa. Barua ya posa si cheti cha hospitali. Watu wanaandika: tumeridhia, Mwenyezi Mungu atie kheri. Mengine yanakuja wenyewe, watu wakishazoeana."

"Wakishazoeana na uongo," alisema Khairat.

Fundi Hamid alimtazama binti yake. Swali alilotaka kumwuliza si swali ambalo mababa wa Kiponda huwauliza binti zao, na alihema kidogo kabla ya kulitoa. "Kijana huyu, mwanangu. Unamtaka?"

"Namtaka, baba. Ndiyo maana."

"Na wakirudisha posa?"

"Nitalia. Lakini nitalilia kwetu."

Fundi Hamid alivuta karatasi. Aliandika polepole, kwa herufi zilizosimama, na Bi Rukaiya alisoma juu ya bega lake, akipiga kite kila baada ya mstari.

"Kwa Bwana Abdulwahid na jamaa zake. Baada ya salamu, posa yenu tumeipokea kwa heshima, na binti ameridhia. Lakini mmeuliza habari zangu, na inastahiki nizijibu mwenyewe. Mimi sina jini. Dawa mliyoileta haikunywewa..."

"Usiandike hilo!" alisema Bi Rukaiya. "Mwanamke yule atazimia!"

"Keshawapa watu namba ya tabibu."

Fundi Hamid akaendelea.

"Nina ugonjwa wa wasiwasi. Hunishika penye watu wengi, nikadhani nakufa, na bado sijafa. Natibiwa katika hospitali mnayoijua, naingia mchana kwa lango kubwa, na mkipita Jumanne mtaniona. Ugonjwa huu hauna kabila na hauhamii kwa mtu. Siku ya ndoa nataka kumwozesha binti yangu kwa ulimi wangu mwenyewe, msikitini, nikiwa nimekaa karibu na mlango. Nikinyamaza katikati ya maneno, nisubirini. Sitatoka. Kama hili ni zito kwenu, mtujulishe kabla ya kupanga lolote, na hatutakuwa na kinyongo. Na kama katika nyumba yenu yumo mtu anayeshika pua, mwambieni kwangu anakaribishwa chai."

"Hiyo ya mwisho ya nini tena?" aliuliza Mjaka.

"Nyumba ya watu wengi haimkosi mmoja," alisema Fundi Hamid.

Aliikunja karatasi, akaitia katika bahasha, akaiinua mdomoni ili alowanishe gundi. Ulimi ulipita juu ya gundi mkavu kama msasa. Akajaribu tena. Mlinzi alikuwa ameshaanza ukelele wake. Hapakuwa na mate hata ya kufungia barua. Khairat aliondoka kwenda kuleta maji.

"Lete hapa," alisema Bi Rukaiya.

Fundi Hamid alimtazama. Bi Rukaiya alikuwa na machozi, na alikuwa ameudhika kuwa nayo.

"Ulimi wangu ndio uliolifungua lile bomba," alisema. "Basi na ufunge wenyewe."

Akaichukua bahasha, akaupitisha ulimi kutoka pembe hii mpaka pembe ile, bila ya haraka, kama mtu anayeonja mchuzi aliouharibu mwenyewe. Akaibana juu ya meza kwa kiganja, akaegemea kwa uzito wake wote. Kisha akamkabidhi kaka yake kwa mikono miwili.

"Nenda. Na Bi Salhiya akikuuliza imeandikwa nini, mwambie asome usoni."

Mjaka aliitia bahasha katika mfuko wa ndani wa koti, akavaa kofia yake sawasawa, akashuka ngazi. Fundi Hamid alisikia mlango wa chini ukifunguka, na sauti ya Mzee Ubwa barzani ikimwuliza Mjaka anakwenda wapi na koti jua lote lile. Alimimina chai kwenye kisahani akaanza kuipuliza, ingawa ilikuwa imeshapoa.